Niliota ndoto juu ya mtoto wa marehemu dada yangu. Je, nikinyamaza ninamzimisha Roho?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Keshero, hapa Goma. Ameomba jina lake lisitajwe. Nimelifupisha, ila maneno ni yake:

“Shalom, mama mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, na mwaka jana nilimpokea wa tano, binti wa dada yangu mkubwa aliyefariki huko Rutshuru. Ana miaka 9. Tangu nilipookoka Mungu hunionyesha mambo kwa ndoto, na mengine yametimia, hata kundi letu la waombezi wananiita mwonaji. Mwezi uliopita nilimwona huyu mtoto katika ndoto, usiku, amesimama mlangoni, ameshika kitambaa cheusi. Haingii, hasemi. Wiki ile ile tulikuta mbuzi wetu wawili wamekufa asubuhi, hawana kidonda, pale kwenye kibonde nyuma ya nyumba, upande wa ziwa. Mtoto anakojoa kitandani, anasema usingizini, na haachani na kitenge cha marehemu mama yake, hataki hata kifuliwe. Kiongozi wa kundi anasema mimi nina karama ya kupambanua roho, na kwamba mtoto ana kitu. Anataka tumpeleke chumba cha maombi afunge siku 3 kavu, bila chakula wala maji, afunguliwe. Baba watoto yuko Beni kikazi; kwa simu anasema mtoto asiguswe mpaka arudi. Kundi linasema baba si mtu wa kiroho. Mama, nikikataa, si nitakuwa ninamzimisha Roho?”

Mama mpendwa, kabla ya neno lingine lolote: mtoto asifunge. Asifunge siku 3, asifunge hata siku 1. Mwili wa mtoto wa miaka 9 hukaukiwa maji upesi kuliko wako, na kama ana malaria ambayo bado haijajitokeza, njaa inaweza kumshusha sukari ya damu hadi azimie kabla hamjamaliza zaburi ya kwanza. Kama wameshamchukua, weka simu chini, nenda ukamtoe, halafu rudi usome yanayofuata. Yatakungoja.

Sasa tuongee.

Sitaidharau ndoto yako. Nimefundisha Agano Jipya katika shule ya Biblia miaka 19, na ninaamini kwamba Mungu bado husema na watu wake. Yoeli aliandika kwamba wana na binti watatabiri, na Petro aliyarudia maneno hayo siku ya Pentekoste. Filipo mwinjilisti alikuwa na binti wanne waliotabiri, na Luka anawataja bila kushangaa, kama mtu anayetaja kwamba jirani yake ana binti wanne wauguzi. Debora alikuwa nabii, Hulda alikuwa nabii, na mfalme Yosia alipotaka kujua neno la Bwana alimtuma kuhani Hilkia na watumishi wake kwa Hulda. Kwa hiyo mtu akikuambia mwanamke haonyeshwi kitu, huyo hajasoma. Ninayetaka kuongea naye ni mama mwenye karama, na ndiyo maana nitakuwa mkali kidogo.

Mstari unaokutisha ni 1 Wathesalonike 5:19, “Msimzimishe Roho.” Umewahi kuusikia ukisomwa mpaka mwisho? Paulo anaendelea palepale: “msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema.” Ni pumzi moja. Kujaribu unabii ni sehemu ya kumtii Roho, na mtu anayeukata mstari katikati ndiye anayemwondolea Roho nusu ya maneno yake. Kwa Wakorintho amesema wazi zaidi: manabii waseme wawili au watatu, “na wengine wapambanue.” Halafu anaongeza kwamba roho za manabii huwatii manabii. Yaani unaweza kungoja, na karama haikuburuti. Kama kuna sauti ndani yako au ndani ya kundi inayosema “ni leo, ni usiku huu, tukichelewa tumekwisha”, haraka hiyo peke yake inatosha kukufanya usimame.

Hapo utaona pia kupambanua roho ni kitu gani. Neno hilo limo katika orodha ya karama, 1 Wakorintho 12:10, na limewekwa mara tu baada ya unabii. Yohana naye anasema msiiamini kila roho, zijaribuni, kwa sababu manabii wa uongo wengi wametokea. Angalia basi nani anapimwa. Kinachowekwa mezani ni ujumbe, na anayesimama mbele ya kanisa ili apimwe ni yule aliyesema, “Bwana amenionyesha.” Yaani wewe, mama. Na kiongozi wako. Katika makundi yetu mengi karama hii imegeuzwa ikawa ya kunyoosha kidole kwa mtu ambaye hajasema neno, na mara nyingi mtu huyo ni yule asiye na wa kumtetea: mjane, mama mkwe mzee, mtoto wa kambo, yatima. Sijawahi kusikia kundi likipambanua kwamba mwenye kitu ni yule tajiri anayelipia viti vya kanisa.

Utaniambia, lakini Paulo kule Filipi alitambua pepo ndani ya kijakazi. Ni kweli. Soma Matendo 16 taratibu. Msichana yule alikuwa mtumwa, na mabwana zake walikuwa wakipata faida kwa uaguzi wake. Paulo alimkemea pepo. Msichana mwenyewe Paulo hakumnyima chakula, hakumfungia chumbani, hakumwaibisha. Waliokasirika ni wale waliopoteza mapato. Na yule kijana wa Marko 9, aliyekuwa akianguka motoni na majini? Yesu alianza kwa kumwuliza baba yake: amepatwa na haya tangu lini? Aliuliza historia ya ugonjwa, kama daktari. Kisha alimshika mkono akamwinua. Kufunga kunakotajwa katika habari hiyo kwa Mathayo ni kwa wanafunzi waliokuwa wameshindwa. Hakuna mahali popote katika Injili ambapo mgonjwa mdogo ndiye aliyefungishwa. Hata wahenga wetu, ambao wengi wao hawakuwa na Biblia, walijua kwamba mgonjwa haulizwi uji. Anapewa.

Niseme juu ya mbuzi, maana naona ndio waliokutisha kuliko ndoto yenyewe. Unakaa Keshero. Mbuzi walikufa usiku, kwenye kibonde, upande wa ziwa, hawana kidonda. Mama, wewe ni mtu wa hapa, neno mazuku unalijua. Wazee waliita hivyo ule upepo mbaya unaoua bila kelele, na kwa muda mrefu watu walisema ni walozi. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini katika nchi yetu hii ya volkano, hasa upande huu wa magharibi wa mji, kuanzia kwenu kuelekea Mugunga na Sake. Haina harufu wala rangi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hujikusanya mabondeni na mashimoni kama maji ndani ya bakuli, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo wa kuitawanya. Kuku, mbwa na mbuzi hutangulia kufa kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi. Baada yao ni watoto, kwa sababu ni wafupi. Mtu mzima anaweza kuvuka kibonde kichwa chake kikiwa juu ya gesi, asijue kwamba mtoto anayemfuata nyuma anapita ndani yake.

Sijafika nyuma ya nyumba yako, siwezi kuapa kwamba mbuzi wako walikufa kwa hiyo. Lakini naomba ufanye kitu ambacho mwonaji wa kweli angefanya: wakataze watoto wote, huyo binti akiwemo, wasipite pale alfajiri wakienda na bidoni kuchota maji. Mwambie na jirani. Peleka habari kwa mkuu wa mtaa, na mwombe awaarifu wataalamu wa kituo cha uchunguzi wa volkano hapa Goma, maana hiyo ni kazi yao. Fikiri kama mngemfungia mtoto chumbani siku 3 kwa ajili ya mbuzi, na siku ya nne mwanao wa kumzaa akashukia kibonde kile kile kuokota mpira.

Turudi kwenye ndoto. Mathayo ndiye mwandishi pekee wa Injili anayesimulia ndoto, na anazo 6. Yusufu anaambiwa asiogope kumchukua Mariamu, ambaye angeweza kuaibishwa mbele ya watu. Mamajusi wanaonywa wasirudi kwa Herode. Yusufu anaambiwa amchukue mtoto na mama yake akimbilie Misri. Anaambiwa arudi. Anaonywa asikae Uyahudi, aende Galilaya. Ya sita iko mbele sana, sura ya 27, na ni ya mwanamke. Mkewe Pilato anatuma ujumbe mumewe akiwa kwenye kiti cha hukumu: usiwe na neno na yule mwenye haki, maana nimeteswa mengi leo katika ndoto kwa ajili yake.

Nilifundisha sura hizo miaka mingi kabla sijaziona pamoja. Ndoto zote 6 zimesimama upande wa anayewindwa. Tano za kwanza zinamzunguka mtoto mmoja zikimlinda, na ya mwisho inamtetea mshtakiwa dakika ambayo umati umeshaamua. Hakuna hata moja inayomkabidhi mtoto kwa watu wanaomwogopa. Aliyemwogopa mtoto katika habari ile alikuwa Herode, na yeye hakuota chochote; alikuwa na washauri tu.

Kwa hiyo ukiniuliza utaijuaje ndoto ya Mungu, nitakuuliza inamweka nani salama. Wewe uliota mtoto amesimama mlangoni, usiku, haingii, hasemi. Kundi limeiona ndoto hiyo likasema anawaletea giza. Mimi si mfasiri wa ndoto na sitajifanya. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu, na katika mistari michache tu chini ya ndoto umeandika juu ya kitenge cha marehemu ambacho mtoto hakiachi. Umeota mtoto mwenye kitambaa mkononi. Unaishi na mtoto mwenye kitambaa mkononi. Na katika ndoto yako bado yuko nje.

Mhubiri anasema ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi. Wewe una watoto watano, mume yuko mbali, umemzika dada yako, na sidhani kama kuna aliyekuuliza umelia vya kutosha. Inawezekana moyo wako ndio ulioota. Inawezekana pia Mungu ndiye aliyekuonyesha mtoto ambaye tangu mwaka jana hajavuka kizingiti chako, na anakuomba umwingize. Kwa njia zote mbili, unachotakiwa kufanya ni kile kile.

Nitakueleza jambo langu mwenyewe, ambalo nimelieleza kwa wachache. Mwanangu wa pili alipokuwa na miaka 8 alianza kurudi nyuma darasani. Alikuwa mtoto mwepesi, ghafla akawa mzito, anakaa pembeni, anaangusha vitu. Mama mmoja tuliyekuwa tukikesha naye aliniambia ameona mtoto wangu amebeba kitu. Mimi, mwalimu wa Biblia, niliamini. Nilimwambia jioni ile hatakula, tutaomba. Nilikuwa nimepika maharage, na sufuria ilikuwa bado kwenye makaa ikitokota taratibu. Akakaa kwenye kiti kidogo karibu na jiko, mikono katikati ya magoti, akitazama mvuke. Hakulia. Ndugu zake walikula wakimwangalia kwa pembe ya jicho. Niliposimama kuondoa sahani aliniuliza kwa sauti ndogo, “Mama, nimefanya nini?”

Sikuwa na jibu. Nilimpakulia, akala akiwa ameinamia sahani karibu kuigusa kwa pua. Nilimwona anavyokula, na hata hapo sikuelewa. Wiki chache baadaye mwalimu wake ndiye aliyesema huyu mtoto haoni ubao. Akapimwa macho, akapewa miwani. Siku alipoivaa tulikuwa njiani tunarudi, na ilikuwa mojawapo ya zile asubuhi ambapo Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, imejitoa kwenye mawingu. Akasimama katikati ya barabara, mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyokuwa imejaa magunia ya makaa, akatupigia kelele, yeye akaonyesha juu akasema, “Kumbe ina moshi.” Alikuwa amezaliwa chini ya mlima ule na hakuwahi kuuona moshi wake. Nilikuwa ninakesha usiku nikitafuta maono juu ya mtoto ambaye sikujua kama anaona. Nimemwomba msamaha, ameshakuwa mtu mzima, anacheka akisema hakumbuki. Mimi nakumbuka.

Basi mtazame huyo binti kwa karibu. Kukojoa kitandani, kuongea usingizini, kung'ang'ania nguo ya mama: unamweleza mtoto aliyefiwa, tena aliyekimbia vita. Rutshuru tunajua imepitia nini. Watoto wanaoona mambo hayo hurudi nyuma kiumri. Aliyekwisha kuacha kukojoa huanza tena, aliyekuwa akilala fofofo huamka akipiga kelele. Mpeleke kituo cha afya wapime malaria na minyoo, na wapime mkojo wake, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo hukojoza mtoto, na sukari nayo hukojoza. Waulize kama wana mtu wa kuongea na watoto walioumizwa na vita. Siku hizi vituo kadhaa hapa mjini vinaye. Kwenda huko si kumwacha Mungu. Pale Bukavu, dokta Denis Mukwege ni mwana wa mchungaji wa Kipentekoste. Amesimulia mara nyingi kwamba akiwa mtoto alimfuata baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akashangaa kwa nini baba hakumpa mgonjwa dawa kama alivyompa yeye nyumbani. Baba alimjibu kwamba yeye si daktari. Mwana akaamua kuwa ndiye, ili mmoja aombe na mwingine atibu. Hospitali ya Panzi aliyoianzisha mwaka 1999 ni ya kanisa, na mwaka 2018 dunia nzima ilimsikia akipokea Tuzo ya Nobel ya Amani. Maombi ya baba yake hayakupungua kwa sababu mwanawe alishika sindano.

Kuhusu baba watoto. Wanasema si wa kiroho. Sijui anaomba mara ngapi, lakini katika barua yako yote yeye ndiye mtu pekee aliyesema mtoto asiguswe. Soma Waamuzi 13 usiku huu. Malaika alimtokea mkewe Manoa, si Manoa. Mwanamke hakwenda kutafuta kundi. Alimwambia mumewe, na mume akaomba ili wote wawili wafundishwe watakayomtendea mtoto. Baadaye Manoa alipopaniki akasema hakika tutakufa, mwanamke ndiye aliyemtuliza kwa hoja: kama Bwana angetaka kutuua, asingeipokea sadaka yetu. Aliona maono, na alitumia akili. Tena ona hili: mtoto alikuwa bado hajazaliwa, na aliyeagizwa kujizuia divai na vyakula vilivyokatazwa alikuwa mama. Malaika alipotaka mfungo katika nyumba ile, aliuanzia kwa mtu mzima. Kwa hiyo kama unasikia mzigo wa kufunga, funga wewe, kwa kiasi, huku ukipika. Isaya 58 itakuambia hata ufunge vipi: kumgawia mwenye njaa chakula chako, na kumleta maskini aliyetupwa nje nyumbani kwako. Umeshaanza mfungo huo tangu mwaka jana. Usiuvunje.

Hapa ndipo nataka kukuonyesha karama yako, ambayo nadhani kundi halijaiona. Petro, kabla hajasema kila mmoja aitumie karama aliyopewa, alitanguliza neno moja: mkaribishane pasipo kunung'unika. Paulo kwa Warumi, sura ya 12, anaweka kurehemu katika orodha moja na unabii, na anasema mwenye kurehemu afanye kwa furaha. Karama hizi hazina kipaza sauti. Hakuna anayesimamishwa mbele Jumapili ashuhudie kwamba alifua shuka iliyokojolewa siku 40 mfululizo bila kumsimanga mtoto. Nakumbuka usiku ule wa Mei 22 mwaka 2021, mlima ulipofunguka na sisi wote tukiwa barabarani na magodoro kichwani, watoto wangapi walipotezana na wazazi wao, na akina mama wangapi waliwashika mkono watoto wasiowajua wakaendelea kutembea nao. Hakuna aliyewaita waonaji. Kwangu mimi, ule ulikuwa unabii.

Na Timotheo? Paulo anamwambia achochee karama iliyo ndani yake. Lakini mstari ulio juu yake unasema imani hiyo ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi, na mama yake Eunike. Karama ya yule mchungaji kijana ilitoka jikoni mwa wanawake wawili.

Lugha yetu yenyewe inakuhubiria, mama. Huyo mtoto hakuiti shangazi. Wewe ni mdogo wa marehemu mama yake, kwa hiyo wewe ni mama yake mdogo. Alipofiwa na mama mmoja, jina la pili lilikuwa tayari limekaa juu yako. Wahenga walisema yatima hadeki, wakimaanisha hana pa kudekea. Mimi nakuomba kwako adeke. Anune, agome kula sombe, akatae kuoga, akuudhi kama hao wanne wanavyokuudhi. Ukiona ameanza kudeka, mshukuru Mungu, ameingia ndani.

Kundi utaliambiaje? Usiende peke yako mahali pao, na usiende usiku. Mtafute mchungaji, au mzee wa kanisa unayemwamini, mwambie haya yote mchana, mke wake akiwepo. Kiongozi mwambie hivi: “Ndoto ni yangu, nimeipima, na sikuona mahali inaposema mtoto ateswe. Mkitaka kumwombea, njoni nyumbani, mumwekee mkono akiwa ameshiba, mimi nikiwepo.” Wakikubali, ni watu wa Mungu waliokosea kama mimi nilivyokosea, muendelee kuomba pamoja. Hata Eli kuhani alimtazama Hana akiomba akadhani amelewa, na alipojua ukweli alimwambia aende kwa amani. Wakikataa, wakikutisha kwamba utapatwa na laana, ondoka kwenye kundi hilo. Uamsho ule wa zamani uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ambao bibi zetu wengi waliokokea humo, ulikuwa na desturi ya kutembea nuruni: mtu anasimama anaungama dhambi yake mwenyewe. Mahali ambapo kila mtu anaonyeshwa dhambi ya mwenzake, bibi zetu wasingekaa.

Ujue pia kwamba sheria iko upande wa mtoto. Katiba yetu, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 10, 2009, kifungu cha 160, inamweka gerezani mwaka 1 hadi 3 anayefanya hivyo. Haimwachi mzazi, haimwachi mchungaji. Sikuandikii haya ili uwatishe. Ila ikibidi, wasomewe.

Hao wanne wako watakuwa wamesikia minong'ono. Waite leo, mbele ya binti, uwaambie kwamba mbuzi hawakuuawa na mtu. Kisha muite yeye peke yake. Usimuulize maswali ya ndoto. Mwambie kwamba uliwahi kumwogopa na ulikosea, kwa maneno hayo hayo, maana watoto hujua wanapoogopwa. Mwombe akusimulie mama yake alikuwa akipika nini, akiimba nini. Ukilia mbele yake si vibaya. Alikuwa mama yake, alikuwa dada yako.

Jioni mpunguzie vinywaji kabla ya kulala, mwamshe mara moja usiku aende chooni ukiwa na tochi, na asubuhi shuka ikiwa imelowa, ifueni pamoja bila maneno. Mweke alale upande wa ukutani, katikati ya dada zake, si karibu na mlango. Kitenge alale nacho. Usikifue mpaka atakapokuletea mwenyewe.